Kibodi Iliyomgomea Profesa

Mama alibakiwa na mkono mmoja unaofanya kazi, na mkono huo haukujua kukaa bure. Kiharusi kilimkuta miaka mitatu nyuma, kikamlaza upande mzima wa kushoto, kuanzia shavu mpaka unyayo. Kichwa kilikiacha kikali kama zamani, na ulimi ndio usiseme. Alikuwa mtunga mafumbo ya maneno ya gazeti, yale ya visanduku vyeupe na vyeusi ambayo watu huyajaza wakisubiri zamu kwa kinyozi. Kila Jumamosi, kabla ya saa kumi jioni, fumbo jipya lilitakiwa liwe limemfikia mhariri. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuchelewa, hata ile wiki aliyotoka hospitali.

Aliyewezesha hayo alikuwa binti yake, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa wembamba wake pia. Sindano alifunga kibanda chake cha barabarani, akahamishia cherehani sebuleni ili amsikie mama akiita. Ndiye aliyemwogesha, aliyemkanda, aliyemgeuza kila baada ya muda ili mgongo usichubuke. Ndiye aliyeona kwamba mama akikaa mezani dakika kumi tu mgongo unamlemea, akaenda kumtafutia kibodi na kipanya visivyo na waya, vile vinavyowasiliana na kompyuta kwa Bluetooth. Tangu siku hiyo mama alifanya kazi kitandani, mito mgongoni, kibodi mapajani, macho kwenye skrini iliyotundikwa ukutani. Kuviunganisha kulimtoa Sindano jasho wiki nzima, maana kompyuta kwake ilikuwa kitu cha kupangusa vumbi tu. Alisoma kijikaratasi cha maelekezo mpaka kikachanika kwenye mikunjo. Vilipokubali, mama alisema, "Haya, sasa nipe miwani."

Basi. Miwani.

Sasa, mama alikuwa na mtoto mwingine, kitinda mimba, mwanamume, aliyefanya kazi mji wa mbali katika kitengo cha kompyuta cha kampuni moja ya bima. Huyo tangu utotoni aliitwa Profesa, na mama alimwita "baba", kwa kuwa alirithi jina la babu. Alikuja mara moja kwa mwaka, pengine mbili. Wiki mbili kabla hajafika mama huanza kuuliza kama shuka la chumba cha wageni limefuliwa, na wiki mbili baada ya kuondoka bado anasimulia alivyokula, alivyocheka, alivyokonda masikini. Sindano alikuwa anakaa naye siku zote za mwaka, na hakukumbuka kusimuliwa hata siku moja.

Profesa alifika Ijumaa mchana na begi la mgongoni. Hata chai hakumaliza. Alipowasha kompyuta ya mama na kuona inavyojivuta, akasikitika kwa sauti.

"Mama, unavumiliaje hii? Unabonyeza leo inafunguka kesho."

"Nitafanyaje, baba? Mimi nakaa na wasiojua."

Sindano alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Neno hilo lilimwingia kama pini chini ya ukucha. Wasiojua. Alilishusha beseni, akaliinua tena, akatoka.

Jioni ile Profesa alifanya kazi yake, na haki ya Mungu, aliifanya vizuri. Alinakili mafumbo yote ya mama kwenye flashi, akaazima kibodi na kipanya vya waya kwa jirani, karani wa zahanati, akaufuta mfumo wa zamani na kuweka mwingine mwepesi, uitwao Linux. Kompyuta iliyokuwa ikichukua robo saa kuamka ikawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Mama alipiga paja kwa ule mkono mzima.

"Umeona, wewe?" alimwambia Sindano. "Miaka yote tunateseka, kumbe dawa ni mtu kuwa na akili zake."

"Nimeona," akasema Sindano. Jikoni aliosha sufuria moja mara tatu.

Jumamosi saa mbili asubuhi mama aliwekwa sawa kitandani ili amalizie fumbo la wiki. Kibodi ikawekwa mapajani, kipanya juu ya kibao chake. Akabonyeza. Kimya. Akasogeza kipanya. Kile kimshale kwenye skrini hakikutikisika.

"Kitu kidogo," alisema Profesa. "Linux haijavitambua tu. Nipe dakika tano."

Dakika tano zikawa saa nzima. Alibadilisha betri. Akazima, akawasha. Akajipenyeza chini ya meza, akachomoa hiki, akachomeka kile. Akakaa na kibodi ya waya ya karani, akajaza skrini nyeusi kwa mistari ya maneno meupe, akasoma, akaguna, akaandika tena. Ile kibodi ya mapajani ilikaa inamtazama tu.

Sindano aliingia na chai, na alipoinama kuweka kikombe aliiona taa ndogo ya kijani kwenye pembe ya kibodi. Ilikuwa inapepesa polepole. Inawaka, inatulia, inawaka. Akaelewa palepale. Kile kijikaratasi kilichochanika kilikuwa kimemfundisha: taa ikipepesa polepole, kibodi inamtafuta mwenyeji wake wa zamani. Na mwenyeji wa zamani alikuwa amefutwa jana. Kinachotakiwa ni kubana kile kitufe cha juu kushoto, chenye namba moja, mpaka uhesabu tano, na taa itaanza kupepesa harakaharaka, ndipo mfumo mpya utaiona. Profesa asingeijua namba hiyo kwa kuitazama. Kidole cha mama kilikuwa kimeisugua mpaka ikafutika.

"Nadhani ile kibodi..." alianza.

"Hebu usimsumbue mwenzio," mama akamkata. "Haya si mambo ya vitambaa."

Profesa hakugeuka. "Nipo karibu kupata, Dada. Ni suala la mfumo, liko ndani kidogo."

Sindano akafunga mdomo. Aliuhisi ukifungika, kama zipu. Sawa, alijiambia, liko ndani kidogo, litafute huko ndani.

Akarudi kwenye cherehani yake. Alikuwa na suruali nne za mteja za kupunguza urefu, na kila akikanyaga pedali alikuwa na sikio moja chumbani. Alimsikia ndugu yake akihema. Alimsikia akisema "Haiwezekani" mara moja, mara mbili, mara ya sita. Kila "haiwezekani" ilimshuka kifuani kama maji baridi siku ya joto. Hakuwahi kujijua kuwa na roho ya namna ile, na hakuiona aibu. Aliingia mara mbili kumgeuza mama na mara zote mbili alijitia hamnazo, akaipita kibodi kama anavyolipita kabati.

Kilichomharibia raha ni mama. Alitegemea kwamba kufikia adhuhuri mama angekasirika, angemwambia Profesa maneno yake yale ya pilipili. Wapi! Mama alimtazama mwanawe kwa huruma.

"Pumzika, baba. Umetoka safari. Akili ikichoka haioni."

Sindano alisimama na taulo mkononi. Yeye alipochelewesha uji dakika kumi wiki iliyopita aliambiwa mikono yake imelala. Akachoshwa na hali. Ikawa sasa hata kushindwa kwa Profesa kunabembelezwa!

Ilipofika saa saba walikubaliana kwamba mama asome na Profesa achape kwa kibodi ya waya. Fumbo lilikuwa limebaki maneno kumi na manne. Sindano alisikiliza yote sebuleni.

"Kumi na saba wima, herufi sita. Weka 'shubiri'."

"Hiyo ni saba, mama."

"Herufi ya kwanza ipo tayari, inatoka kwenye 'mkasi'. Hapana, si hapo! Umeivuruga 'kasha'. Rudi nyuma."

"Wapi nyuma?"

"Kule! Ah, baba, mimi sijui wanaitaje. Huwa sisemi, huwa naona tu na kidole kinakwenda."

Saa tisa alikuja karani wa zahanati kuchukua kibodi yake aliyoihitaji kazini, na kwa heshima akasubiri nusu saa akiwa amesimama. Saa tisa na nusu akaondoka nayo, akawaachia kipanya tu. Maneno saba yalibaki wazi. Sindano alikuwa na nafasi hapo. Aliona saa ya ukutani, akaona kitufe kile kichwani mwake, akajiambia nakwenda sasa hivi, nitasema nimebahatisha. Akainuka mpaka mlangoni. Mama alikuwa ameushika mkono wa Profesa, anaukanda vidole kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akikandwa yeye kila siku.

Sindano akarudi akakaa. Saa kumi ikapiga.

Mhariri hakugomba. Alisema atatumia fumbo la zamani. Ndicho kilichomuumiza mama zaidi, kwamba hakugomba. Aliomba ageuzwe aelekee ukutani, na hakula. Profesa alikaa barazani ameshika kichwa, na Jumapili asubuhi aliaga macho yakiwa chini. "Nitakutumia kibodi nyingine, mama. Hii imekufa."

"Haijafa, baba. Umeiwekea mambo mapya, inahitaji muda tu kuzoea. Nenda salama."

Jumapili hiyo nyumba ilikuwa kama ya wafiwa. Sindano hakuigusa kibodi. Angeitengenezaje saa mbili baada ya ndugu yake kuondoka bila mtu kuuliza ulikuwa wapi jana? Na zaidi ya hapo, ile raha ya Jumamosi ilikuwa imegeuka kitu kizito kisichomezeka wala kutemeka. Mama hakuwa amemkosea mhariri. Yeye ndiye aliyemkosesha.

Jumatatu, mama akiwa amesinzia baada ya kuoga, Sindano akaketi mbele ya kompyuta, kile kipanya cha waya cha karani mkononi na simu yake pembeni. Akakibana kitufe, moja, mbili, tatu, nne, tano. Taa ikaanza kuruka harakaharaka. Akakosea mara mbili kupata mlango wa Bluetooth kwenye hiyo Linux, maana kila kitu kilikuwa kimehama mahali pake. Mara jina la kibodi likajitokeza, na skrini ikamtaka aandike tarakimu sita kwa kibodi yenyewe. Akaandika, akabonyeza kitufe cha kuingiza. Ikakubali! Akakigeuza kipanya tumbo juu, akabana kitufe chake kidogo, nacho kikakubali.

Akazima kompyuta, akaiwasha ajaribu. Kimya tena. Alitafuta kwenye simu, akasoma malalamiko ya watu wa mbali wenye shida kama yake, mpaka akakuta mmoja aliyeeleza kwa upole kwamba kuunganisha pekee hakutoshi. Lazima kifaa kitiwe alama ya kuaminiwa, la sivyo kila ukiwasha kompyuta kinaonekana mgeni. Sindano akarudia, akaitia alama ile, akazima, akawasha. Alipogusa herufi M, M ikatokea.

Mama alipoamka akawekewa kibodi mapajani bila maneno. Akabonyeza kwa mazoea. Akashtuka, akabonyeza tena, na uso ukamchanua upande ule unaoweza kuchanua.

"Si nilisema? Nilisema inahitaji muda! Nipe simu nimwambie baba."

Na kabla Sindano hajapata pumzi, simu ilikuwa sikioni. "Baba? Imekubali! Kazi yako imekubali. Mimi nilijua. Mungu akuzidishie."

Kilichompanda Sindano kilianzia miguuni. Alisubiri simu ikatwe, hilo aliweza.

"Mama. Aliyeitengeneza ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Leo, ukiwa umelala. Na tangu Jumamosi asubuhi nilijua inataka nini."

Mama aliivua miwani. Ilimchukua muda, kwa mkono mmoja. "Tangu Jumamosi asubuhi."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nikakosa gazeti."

"Ndiyo."

"Kisa nini?"

"Kisa ni wewe! Kwa nani umewahi kupiga simu ukasema kazi yangu imekubali? Mimi nakugeuza, nakulisha, nimefunga kibanda changu, na hiyo kibodi unayomshukuria yeye niliileta mimi. Yeye anakuja siku mbili anakuwa ndiye mwenye akili, mimi ndiye nisiyejua. Nilitaka ashindwe. Nilitaka umuone akishindwa. Na hata aliposhindwa ukamkanda vidole!"

"Yule ni mgeni," alisema mama. "Mgeni lazima umshukuru, la sivyo harudi. Wewe ni kama mkono wangu huu. Nani anaukalia mkono wake akaushukuru?"

"Ule wa kushoto ulipokufa uliulilia miezi minne," alisema Sindano. "Na mimi unataka nife ganzi kwanza ndipo unione?"

Hilo hakulitegemea hata yeye mwenyewe. Lilitoka likasimama katikati ya chumba. Mama aliutazama mkono wake wa kushoto uliolala juu ya shuka, kisha akatazama dirisha.

"Nenda kashone," akasema. "Niache kidogo."

Siku ile hawakusemeshana ila kwa mambo ya lazima: maji, dawa, mto. Jioni Sindano alimsikia mama akizungumza na mhariri, akategea sikio kwa hofu. "Hitilafu ilikuwa kwangu," mama alisema. "Kwangu mwenyewe. Wiki hii utapata mawili." Hakumtaja mtu.

Kesho yake asubuhi, akikandwa, mama akasema, "Mpigie mdogo wako umwambie. Mimi siwezi kukusemea, na yule mtoto amekwenda anadhani ameniua."

Sindano alimpigia akiwa uani, kati ya nguo zilizoanikwa. Alimweleza yote, hakupunguza.

"Dada," alisema Profesa, "nilikaa chini ya ile meza karibu saa tano."

"Najua. Nilikuwa nakuhesabia."

"Ulifurahi?"

"Sana," akasema Sindano. "Mpaka ilipogonga saa kumi."

Profesa alikata simu. Hakupiga siku hiyo, wala wiki hiyo, na mama hakuuliza. Alipopiga, wiki ya tatu, ilikuwa ni mama aliyezungumza, na Sindano alisikia upande mmoja tu wa maneno, akiwa amebana sindano mbili midomoni.

"Siku kumi. Hapana, si nne. Omba likizo. Dada yako anaondoka... Hajui bado, ndiyo namwambia sasa hivi, ananisikia. Na shuka utafua mwenyewe."

Sindano alizitoa sindano mdomoni. "Naondoka kwenda wapi?"

"Mimi nitajuaje? Huna rafiki?"

Alikuwa naye mmoja, waliyefundishwa naye ushonaji, aliyeshona sare za shule katika mji wa pili na aliyemwita kila mwaka bila kufanikiwa. Profesa alipofika safari hii hakuja na mbwembwe. Kwa siku mbili alimfuata dada yake kila chumba: dawa ya asubuhi na ya jioni, namna ya kumpitisha mkono mama chini ya bega bila kumvuta, ngozi ya kisigino ya kuangaliwa kila siku. Mwisho Sindano alimpa kibodi. Profesa akabana kile kitufe kisicho na namba, akahesabu kwa sauti mpaka tano, akaiona taa ikirukaruka.

"Hivi tu?" akauliza.

"Hivi tu."

Alitikisa kichwa. Hakucheka, wala Sindano hakucheka. Lakini alipombebea begi mpaka stendi, njiani alimwambia, "Ungeniambia siku ile, ningedai nimeigundua mwenyewe. Najijua." Kwa Profesa, huo ulikuwa msamaha mkubwa.

Siku ya kwanza Sindano alipiga simu mara nne. Siku ya pili mara tatu. Siku ya tatu mama ndiye aliyepokea, na nyuma yake kulikuwa na kicheko.

"Huyu ndugu yako anapika uji wa kubandikia karatasi," mama alisema. "Lakini kunigeuza anajua. Mkono wake mzito kidogo, ila anajua."

Pini ileile, chini ya ukucha uleule. Kugeuza! Mambo yote angemwachia, lakini kugeuza ilikuwa kazi yake, ameisomea kwa mgongo wake mwenyewe miaka mitatu. "Anajua kunizidi?" akauliza, na alipojisikia akaona haya.

"Usianze," mama akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayebeba kitu asichokizoea: "Hakuzidi. Haya, nina fumbo la kumaliza. Na wewe uko huko kwa ajili ya kupumzika au kwa ajili ya simu?"

Rafiki yake alikuwa amemwekea rundo la kola za mashati mezani na mkasi juu yake, maana hakuna fundi anayejua kupumzika mikono mitupu. Sindano aliitia simu kwenye kikapu cha vifungo, akavuta kiti. Wivu ulimuuma kola ya kwanza mpaka ya sita, na zote sita zilikwenda upande. Ya saba ilikaa sawa.